Doria Tunaiweza, Ushahidi Unatushinda

Maneno haya niliyasema kwenye mkutano wa shehia yetu wa kupanga doria ya usiku dhidi ya wezi, Wilaya ya Wete, Pemba, uwanja wa skuli, baada ya sala ya alasiri, msimu wa karafuu ukiwa mlangoni. Wengi hamkuwepo: mlio baharini, mlio Unguja na Dar es Salaam, mlio Mombasa na Muscat. Vijana wamenitaka niyaandike yote ili na nyinyi myapate. Nimeyaandika yalivyotoka. Nilichopunguza ni kukohoa kwangu na zile dakika kipaza sauti kilipokata. Majina ya watu na ya vijiji nimeyaacha makusudi. Wenye kujua wanajua.

Bwana Sheha, Sheikh wetu, afande wa polisi shehia, wazee wangu mliokaa mbele, mama zangu mlio chini ya mwembe, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kuwa kukaa hamtaki: Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nimepewa nusu saa. Walionipa wanajua mimi ni mwalimu mstaafu, na nusu saa ya mwalimu humalizika kwenye kuita majina. Nitajitahidi.

Jambo lililotukusanya mnalijua. Siku hizi ukipita barazani ni doria, ukipita gengeni ni doria, ukienda kuteka maji ni doria. Vijana wameshajiandikisha. Kuna aliyeahidi tochi. Kuna mtoto wetu yuko Muscat ameahidi makoti ya mvua na filimbi, Mungu amzidishie. Mimi naiunga mkono doria, na mwanangu wa kiume yumo kwenye daftari hilo alilolishika katibu.

Lakini nakuulizeni, jamani: ni lini doria ilitushinda? Msimu uliopita vijana walikesha. Msimu wa kabla yake walikesha. Na walikamata! Walikamata mtu ana polo la karafuu mbichi begani, vikonyo bado vimo. Walikamata mtu na kamba ya ng'ombe mkononi, ng'ombe mwenyewe yuko nyuma anamfuata. Haya, niambieni. Katika wote waliokamatwa usiku, nani yuko Chuo cha Mafunzo, yaani gerezani, leo?

Mnacheka. Msicheke, nijibuni. Nani?

Hayupo. Hayupo hata mmoja, na nyote mnajua kwa nini. Usiku kijiji kizima kinatoka na marungu. Ikifika mchana, mahakamani, karani anaita jina la shahidi. Anaita mara ya kwanza. Anaita mara ya pili. Shahidi kaenda kuchimba muhogo. Kesi inaahirishwa, inaahirishwa tena, mwisho mwendesha mashtaka hana cha kumwonesha hakimu, kesi inaondolewa, na mshitakiwa anarudi nyumbani kwa gari moja na mlalamikaji wake. Wanashuka kituo kimoja. Pengine wanagawana na nauli.

Usiku tunaweza. Mchana ndio unatushinda. Hilo ndilo nililokuja kulisema, na mengine yote nitakayoyasema yatarudi hapo hapo.

Nianze na ng'ombe.

Kuna bibi katika shehia hizi zetu, mjane, alikuwa na ng'ombe jike mmoja. Kwa ng'ombe huyo alisomesha, kwa ng'ombe huyo aliezeka. Asubuhi moja akakuta kigingi kitupu. Watu wakatoka kutafuta, wakafuata nyayo mpaka bondeni, pembeni ya mashamba ya mpunga. Nilikwenda na mimi. Palikuwa na kichwa, ngozi, na utumbo. Palikuwa na ndama ambaye hakuwahi kuzaliwa, kalazwa juu ya majani ya mgomba. Na shingoni mwa kile kichwa ilikuwepo kamba ya makumbi ambayo bibi aliisokota mwenyewe. Bibi hakulia. Aliinama, akaifungua ile kamba, akaikunja, akaenda nayo nyumbani.

Sasa nisikilizeni vizuri. Asubuhi hiyo hiyo alipita mtu na Honda, kafunga ndoo mbili nyuma, anauza nyama. Hana mizani, anauza kwa mafungu. Hana muhuri wa bwana mifugo. Bei yake karibu na nusu ya bei ya buchani. Jirani yangu akanigongea: "Mwalimu, leo nyama rahisi, wahi." Nyama ile ilimalizika kabla ya adhuhuri.

Nani aliinunua?

Sitaki mtu anyooshe mkono. Nataka kila mmoja ajiulize kimoyomoyo. Ng'ombe akitolewa shehia moja kupelekwa nyengine anatakiwa awe na kibali cha sheha, na akichinjwa nyama inatakiwa ikaguliwe. Sote tunalijua hilo. Yule bwana hakuwa na kibali wala muhuri, alikuwa na ndoo tu. Tuliona ndoo, hatukuuliza. Na siku ya pili tulikwenda kumpa pole yule bibi, tukakaa kwenye mkeka wake, tumeshiba.

Mwizi wa ng'ombe haibi ili amfuge. Anaiba kwa kuwa anajua kabla ya adhuhuri ndoo zitakuwa tupu. Tukimnyima soko, hata doria itapata usingizi.

Na karafuu je? Karafuu ndiyo zaidi. Karafuu kavu tunajua zinapelekwa wapi, zinapelekwa vituo vya ZSTC, shirika la biashara la Serikali, unapimiwa, unaandikiwa, unalipwa. Yule anayekaa nyuma ya banda baada ya magharibi na mizani ya kuning'iniza, ananunua mbichi kwa kilo mbili, kwa kilo tatu, kwa mfuko wa rambo, yeye ni nani? Ana shamba? Hana. Wanaomletea wana mashamba? Wengi wao hata mkarafuu mmoja hawana. Haya, hizo karafuu zimetoka mti gani?

Halafu kuna hili la watoto, na mama zangu hapa mtanisamehe. Tunawapa watoto beseni la maandazi na barafu za vifuko, tunawaambia wapite mashambani kwa wachumaji. Mchumaji hana pesa mfukoni, yuko juu ya mti. Analipa nini? Anateka gao la karafuu kwenye pakacha la tajiri wake, anamtilia mtoto kwenye kikombe. Andazi moja, gao moja. Mtoto anarudi na karafuu, mama anaanika kwenye ungo, anasema "mwanangu ana bahati." Bahati gani? Mtoto wa miaka tisa ameshafundishwa biashara ya kuuza mali ya wizi, na mwalimu wake ni mama yake. Mimi nilimfundisha hesabu. Hii hesabu nyengine hakuipata kwangu.

Na gunia likishakusanyika kwa magao na mifuko, linateremka bandari bubu. Mashua inavuka mkondo usiku, inakwenda Kenya. Tunasema magendo ni ya wakubwa, ni ya watu wenye pesa. Sawa, mwenye mashua ana pesa. Lakini bandari bubu haipo mbinguni. Ina njia ya kushukia, ina nyumba pembeni, ina wavuvi ambao wanazijua mashua za watu wote kwa kuuona mlingoti tu. Wanaona. Wanajua. Wanasema, "mimi nina watoto, mambo hayo siyaingilii."

Hapo ndipo tunapofika kwenye ugonjwa wetu. Sisi watu wa visiwa hivi tuna muhali, ile haya ya kushindwa kumkabili mtu wako. Kila mmoja kwa mwenziwe ni shemeji, ni somo, ni mtoto wa mjomba, mmesoma chuo kimoja, mmezikiana wazee. Utamtajaje? Kesho utakutana naye msikitini. Tunajipumbaza na zimwi likujualo. Zimwi hili linatujua mpaka siku tunazolipwa.

Kabla sijaendelea, naomba wale watoto waliokaa chini mbele waende wakacheze upande wa kule kwenye goli. Haya, nendeni. Mwalimu amesema.

Kuna shehia moja, wala msiulize ni ipi. Ilikuwa msimu wa karafuu. Mtoto wa kike, darasa la nne, katumwa shamba kuokota karafuu zilizoanguka. Watoto wetu tunawatuma hivyo hivyo, peke yao, mti na mti, mpaka jua linazama. Mtu mmoja akamfanyia uovu. Mgeni? Hakuwa mgeni. Ni mtu aliyekuwa akila nyumbani kwao.

Bibi yake alivyomwona alipatwa na aibu. Akamkosha mtoto kwa maji ya moto, akafua na nguo zake, akaanika. Akamwambia asimwambie mtu. Siku ya pili mama akajua. Siku ya tatu ikajua mitaa yote. Wazee wa pande mbili wakakaa barazani, wakakaa tena usiku uliofuata. Kahawa ikanyweka. Yakasemwa maneno ya ukoo, ya kusitiriana, ya heshima ya mtoto. Ikatolewa pesa, ikaitwa pesa ya matibabu. Ikasomwa na dua.

Polisi walipopata habari walikuta nini? Nguo zimefuliwa. Daktari hana cha kuona. Wazee hawana walilolisikia. Na mama wa mtoto mwenyewe anasema, "afande, sisi tumeshasameheana."

Nakuulizeni wazee wangu, na nakuulizeni kwa heshima. Nani aliwapa wale wazee haki ya kusamehe? Aliyeumizwa ni nani? Ni mtoto. Mtoto aliulizwa? Mtoto alikuwa ndani, nyuma ya pazia, anawasikia watu wazima wanapatana bei yake.

Yule mtu alihama. Haukupita muda nikasikia jina lake linatajwa kijiji chengine, kwa jambo lile lile. Basi mtoto wa pili yule, mimi nasema aliumizwa na watu wengi. Aliumizwa na kikao kizima.

Msiniambie sheria hakuna. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ipo tangu 2011. Mahakama maalumu za kesi za udhalilishaji zipo tangu 2021. Kituo cha Mkono kwa Mkono kipo Hospitali ya Chake Chake na hapa Wete, daktari, polisi na mshauri nasaha mahali pamoja, ili mtoto asizungushwe ofisi na ofisi kusimulia upya. Simu ya 116 ni ya mambo ya watoto, unapiga bure. Vyote hivyo vipo. Kinachokosekana ni mtu wa kusimama mbele ya hakimu akasema, "mimi nilimwona."

Mama zangu, haya yashikeni, tena mkawaambie na ambao hawakuja. Likitokea, Mungu atuepushie, usimkoshe mtoto. Najua moyo unataka kumkosha. Usimkoshe. Nguo usizifue, na usizitie kwenye plastiki, zinaoza. Zifunge ndani ya kanga au mfuko wa karatasi, nenda nazo. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Dawa ya kumkinga na virusi vya UKIMWI ina saa 72 tu, na kila saa ikipita inapungua nguvu, na nyinyi mnazimaliza saa hizo kwenye kahawa. Usimhoji mtoto mbele ya majirani. Msikilize, mwamini, nyamaza, nenda.

Na watoto wasiende mashambani peke yao msimu huu. Hilo halihitaji polisi wala sheria.

Watoto wanaweza kurudi sasa.

Nije kwa vijana wa doria. Naona mmeanza kuchoka, lakini na nyinyi mna yenu.

Ulinzi wa wananchi haukuanzia kwetu. Kule Usukumani na Unyamwezini, mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu walichoka kuibiwa ng'ombe wakaunda sungusungu. Ng'ombe walirudi, sifa hiyo wanastahiki. Lakini pahali pengine sungusungu ilijifanya hakimu, watu wakauawa kwa kushukiwa tu, na bibi vizee wakaandamwa kwa uchawi. Baadaye, kuanzia 2006, wakati wa Inspekta Jenerali Said Mwema, Jeshi la Polisi likaja na polisi jamii na ulinzi shirikishi, raia na polisi wafanye kazi pamoja. Wakenya nao 2013 wakaanzisha Nyumba Kumi, jina wamelitoa kwetu. Basi tuna ya kujifunza, mazuri na mabaya, hatuna haja ya kuyaonja yote wenyewe.

Mabaya mengine tumeshayaonja. Mnamkumbuka yule kijana mvuvi? Ilikuwa bamvua, maji yanatoka usiku mkubwa. Kijana wa kijiji cha jirani anapita njia yetu saa tisa, begani ana gunia. Doria ikamwita, akaogopa, akakimbia. Nani asingekimbia? Watu wenye marungu, gizani, wanapiga filimbi. "Mwizi! Mwizi!" Wakamkamata. Waliokuja nyuma hawakuuliza, walipiga tu. Ndipo mmoja akaona afungue gunia. Lilikuwa na nyavu, na muhogo wa kuchemsha aliofungiwa na mkewe.

Sikio lake moja mpaka leo halisikii. Na waliompiga je, walifikishwa mahakamani? Hawakufikishwa. Kwa sababu gani? Kwa sababu ile ile! Hakuna aliyeona. Watu wote wale, tochi zote zile, hakuna aliyeona. Mnaona jinsi muhali usivyochagua? Jana ulimlinda mwizi, leo umemlinda mwenye rungu.

Kwa hivyo nasema hapa mbele ya Bwana Sheha. Sheria inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa mbele ya macho yake, na inamtaka amfikishe polisi bila ya kuchelewa. Hapo ndipo kazi yenu inapokwisha. Kupiga hakumo. Kumtoza mtu faini na kuigawana hakumo. Kuingia nyumba za watu hakumo, wala kuwasimamisha mume na mkewe njiani mkawataka cheti cha ndoa hakumo, na hilo lilifanyika, msijifanye mmesahau. Piteni wawili wawili au zaidi, mwenye simu awemo, na kila usiku iandikwe nani alitoka na nani alirudi. Karatasi hiyo aipate Sheha na aipate afande. Pesa za michango zibandikwe mlangoni mwa ofisi ya Sheha, zilizoingia na zilizotoka. Mtu akiona haya kubandika hesabu, basi kuna kitu.

La jengine ni siasa. Hapa nitapunguza sauti lakini nitasema. Doria ikiwa ni ya maskani moja, ya chama kimoja, hiyo si doria, hiyo ni fitina imevaa koti la mvua. Katibu, lisome daftari hilo uone: wamo wa pande zote? Kama hawamo, nenda ukawatafute. Mwizi akishaiba hatuulizi kadi.

Na afande, sasa ni zamu yako, na wewe ni mgeni wetu, lakini nakuona umekaa kwa utulivu kwa hivyo nitasema kweli. Hapa Pemba kuna watu wakiona gari la polisi moyo unawaenda mbio, na hawajafanya kosa lolote. Januari 27, 2001 watu waliuawa kwa risasi katika maandamano kisiwani humu. Kuna waliovuka bahari wakakimbilia Shimoni, Kenya. Watoto wa siku zile ndio baba wa leo, ndio hawa unaowataka wakuletee taarifa. Maridhiano yalikuja, 2010 tukapiga kura ya maoni, tukapata Serikali ya Umoja wa Kitaifa, alhamdulillahi. Lakini imani ya mtu kwa polisi haipigiwi kura. Inajengwa kidogo kidogo, na inabomolewa na neno moja.

Neno gani? Nitakwambia. Kuna mwanamke alikwenda kituo fulani, sikitaji, akasema nyumba fulani inauzwa unga, dawa za kulevya. Alisema kwa siri, mlango umefungwa. Ilipofika magharibi, mwenye nyumba alisimama mbele ya mlango wake akamwambia, "nimesikia leo ulikuwa na safari." Hakumtukana wala hakumpiga. Alimwambia hivyo tu, akaondoka. Yule mwanamke mpaka leo hazungumzi jambo lolote na mtu yeyote. Ukimuuliza saa, anakwambia hajui.

Nani alivujisha? Alikuwa peke yake na askari ndani ya chumba kile. Sasa wewe unatuomba ushirikiano, na sisi tunakuuliza: siri zetu utaziweka wapi? Taarifa ya mtu itaandikwa na nani, itasomwa na nani? Nataka utujibu, na utujibu hapa hapa mbele ya watu, si baadaye ndani ya gari.

Unga nimeshautaja, basi niumalizie kwa ufupi maana muda umekwenda. Anayeiba nguo kwenye kamba, anayeiba betri ya sola, anayeangusha nazi za watu usiku, mara nyingi ni kijana wetu anayetumia. Huyo ni mgonjwa. Unguja, Kidongo Chekundu, kuna tiba ya methadoni tangu 2015, na nyumba za soba zipo. Wamo waliotoka huko wakarudi kazini na kwa wake zao. Kumpeleka huko ni kazi ya familia na ya shehia, na ni rahisi kuliko kumfukuza kila mwezi. Anayemuuzia ni mtu mwengine kabisa. Huyo hana ugonjwa, ana nyumba ya vigae. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ipo kwa ajili yake. Lakini ajabu yetu, mgonjwa tunampiga mawe, muuzaji tunamwalika harusini na kumweka mbele.

Sasa natoa ombi langu, nikae.

Doria ya usiku ina daftari, ina tochi, ina filimbi, ina mfadhili Muscat. Mimi naomba doria ya pili. Doria ya mchana. Kazi yake moja tu: kumsindikiza shahidi. Kesi ikipangwa, watu wawili watatu wanamgongea shahidi alfajiri, wanapanda naye gari, wanakaa naye kwenye benchi la mahakama, wanarudi naye. Shahidi akikosa nauli, michango imlipie. Akiwa na muhogo wa kuchimba, atachimbiwa. Kesi ikiahirishwa, tutakwenda tena. Ikiahirishwa mara ya nne, tutakwenda mara ya tano, mpaka karani azoee nyuso zetu.

Mnajua kwa nini nalitaka hili? Kwa sababu mtu mmoja akienda kutoa ushahidi, anakuwa adui wa ukoo mzima. Wakienda watu kumi, ukoo utamchukia nani? Muhali una nguvu kwa mtu aliye peke yake. Na mimi nasema wanawake waanze, wanawake tuliomaliza kulea, na wazee waliomaliza kazi, ambao kutwa tuko barazani. Hatuwezi kukimbizana na mwizi usiku, magoti hayataki. Kukaa kwenye benchi tunaweza. Kukaa ndiyo kazi yetu.

Jina langu liwe la kwanza. Sitaki tochi, sitaki koti la mvua. Nataka nauli ya gari mpaka Wete, na mtu wa kuzungumza naye njiani.

Na yule bibi wa ng'ombe, kesi yake haijafa. Nimeuliza. Ikiletwa mashahidi inaweza kufufuliwa, na mashahidi ni sisi, maana mwenye ndoo tulimwona wote, tena wengine mnalijua na rangi ya Honda yake. Siwatizami machoni, lakini mpo.

Daftari la doria ya mchana liko kwa katibu, pembeni ya lile la usiku. Atakaa nalo hapo mezani mpaka magharibi, na kesho atakuwa nalo ofisini kwa Sheha kuanzia saa mbili. Anayejua kuandika aandike, asiyejua aniite.

Afande, nimekuachia dakika zangu zilizobaki. Swali letu ni lile la siri zetu. Karibu.